Kisu cha Ding na sindano ya mgongoni

Ndugu walimu wa udaktari, katika kitabu chenye jina la Zhuangzi, Mchina wa karne ya 4 K.K., yumo mpishi aitwaye Ding, anayemkata ng'ombe mbele ya mtawala Wenhui. Wapishi wa kawaida, anasema, hubadili kisu kila mwezi kwa sababu wanapigapiga mifupa. Chake kina miaka 19 na bado kina makali. Kwenye viungo mna nafasi, naye hupita humo.

Sasa mtazameni mwanafunzi anayechukua maji ya uti wa mgongo. Mgonjwa kalala ubavu, kajikunja, magoti yanaelekea kifuani. Mstari unaounganisha ncha za juu za mifupa ya nyonga huangukia pingili ya 4 ya kiuno; sindano huingia katika nafasi iliyo juu au chini yake, maana kwa mtu mzima uti wenyewe, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa, kwa kawaida umeishia pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Inaelekezwa kidogo upande wa kitovu.

Ikigonga mfupa, mwanafunzi husukuma. Au huipinda ikiwa imeshazama kwenye nyama: shina linakunjika, ncha inabaki na njia yake ileile. Airudishe mpaka chini ya ngozi, ndipo aelekeze upya. Na mara nyingi kosa limeshafanyika zamani: bega au nyonga ya juu imelalia mbele, mgongo umejisokota, na katikati ya ngozi si katikati ya mifupa tena. Basi wanafunzi wapapasane migongo kwanza, waweke alama, hata kabla ya kushika sindano.

Ding akifika penye viungo vilivyosongamana hupunguza mwendo. Nasi vivyo hivyo: milimita chache, chomoa waya ulio ndani ya sindano, tazama kama maji yanatoka, urudishe, endelea.

Kitabu hichohicho kina Bian, mtengeneza magurudumu wa miaka 70 aliyeshindwa kumfundisha mwanawe ufundi wake kwa maneno. Walimu wengi tunajificha nyuma ya Bian. Mimi namchagua Ding: aliulizwa, akaeleza. Mwalimu aseme kwa sauti mkono wake unahisi nini: hapa pagumu, hapa pameachia.

Akimaliza, Ding husimama, hutazama huku na huku, hufuta kisu na kukihifadhi. Wodini, huo ndio wakati wa kuandika umechoma mara ngapi, kwa sababu mtu wa maabara atakapoona chembe nyekundu atataka kujua zimetoka kwenye ubongo au kwenye mkono wako.