Pikipiki Iliyogonga Jiwe Bado Inatembea: Je, Ni Salama Kuipanda?

ZUHURA: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu, na hamjambo nyote. Leo mimi na Fundi Salumu tutazungumza juu ya jambo lililonipata mwenyewe wakati wa mvua za masika, nilipokuwa nikirudi nyumbani Tanga mjini kutoka Muheza. Ilikuwa magharibi, giza limeanza kuingia na mvua ndiyo kwanza imekatika, nikaona mbele yangu jiwe lenye ukubwa wa nazi iliyofuliwa, limekaa katikati ya njia yangu. Lilikuwa ni lile jiwe ambalo madereva wa malori huliweka nyuma ya tairi gari linapoharibika mlimani, lisije likarudi nyuma. Lori lilikuwa limekwisha kutengenezwa na kuondoka, matawi ya miti yaliyowekwa kutahadharisha wengine yalikuwa yamesagwa na magari, na jiwe likabaki.

SALUMU: Wa aleikum salaam, dada Zuhura. Kwanza tunamshukuru Mungu kwamba unalisimulia jambo hili ukiwa mzima, kwa sababu nimewahi kupokea gerejini pikipiki zilizogonga mawe ya namna hiyo na waliokuwa wamezipanda hawakuzileta wenyewe. Sasa tueleze, ulipoliona jiwe ulifanya nini?

ZUHURA: Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita kama 60 kwa saa. Upande wa kulia basi lilikuwa linakuja, na upande wa kushoto bega la barabara lilikuwa limemomonyoka, kwa hiyo sikuwa na pa kukwepea. Nilikamata breki zote mbili kwa nguvu na sikuziachia mpaka nilipoligonga. Mshindo ulipanda kutoka mikononi hadi mabegani, pikipiki ikayumba mara mbili, lakini sikuanguka. Nilisimama pembeni, nikazima injini, nikarudi kwa miguu kulisukumia lile jiwe mtaroni, kisha nikamulika tairi la mbele kwa tochi ya simu na kuliminya kwa kidole gumba. Lilikuwa na upepo. Nikasema alhamdulillahi, nikapanda na kwenda zangu nyumbani. Siku tatu zilizofuata niliipanda kwenda shuleni ninakofundisha, na siku ya tatu nilimpakia mwanafunzi aliyekuwa na homa kali nikampeleka zahanati. Jambo hilo la mtoto ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu siku ya nne ndipo nilipokuletea pikipiki, na ulichonionyesha kilinifanya nikose la kusema.

SALUMU: Wewe si wa kwanza, dada yangu. Mtu akiona tairi lina upepo na injini inawaka, huamini kwamba ameponea, ilhali pikipiki iliyopasuka tairi pale pale inamlazimisha mwenyewe kusimama, na ile inayoendelea kutembea inamchukua hadi mahali ambapo chuma kilichopata ufa kitakatika. Tuanze na breki, maana ndizo zinazoeleza kwa nini rimu yako iliumia namna ile. Ukikamata breki ya mbele, uzito wa pikipiki pamoja na wako unalala mbele na shokapu zinazama. Shokapu iliyokwisha kuzama haina tena nafasi ya kumeza mshindo, kwa hiyo nguvu yote inapita kwenye tairi, ikafika kwenye rimu, spoki, ekseli, na mwisho kwenye shingo ya usukani. Inatakiwa ukamate breki kwa nguvu mapema kadiri unavyoweza, kisha uziachie kabla tu ya kugonga, usimame kidogo juu ya stepu, magoti yakiwa yamekunjwa na usukani umenyooka. Na kila kilomita unayoipunguza katika mwendo ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo. Ukigonga kwa 40 badala ya 60, nguvu hiyo haifiki hata nusu ya ile ya kwanza.

ZUHURA: Waeleze wasikilizaji ulivyoukuta ule ufa, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama kando yako, nimeitazama rimu ile ile, na sikuona kitu.

SALUMU: Rimu yako ni ya aloi, zile zinazoitwa rimu za spoti. Ukingoni ilikuwa imebonyea kidogo, pengine kiasi cha unene wa shilingi, na ubonyeo huo ndio ulionifanya nishuku. Niliifua kwa sabuni, nikaikausha, nikapaka mafuta ya taa kuzunguka pale palipobonyea na kwenye mguu wa rimu ulio karibu, yaani ule mkono unaounganisha ukingo na kitovu cha gurudumu, nikaacha kwa robo saa. Kisha nikaifuta mpaka ikawa kavu kabisa kwa kitambaa, nikaisugua chaki nyeupe ya shuleni, tukangoja. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalianza kutoka na kuilowesha chaki, na tukaona mstari mwembamba wa kijivu ukijichora wenyewe, kutoka ukingoni kushuka kwenye mguu wa rimu, urefu wa kidole changu cha kati.

ZUHURA: Niliutazama ukijichora, na wakati ule ule nikamkumbuka yule mtoto alivyokuwa ameniegemea mgongoni.

SALUMU: Kwa hiyo nilikuambia rimu ile haichomelewi wala haigongwi nyundo, inabadilishwa. Nafahamu kwamba wako mafundi wanaozichomelea na zikapendeza baada ya kupakwa rangi, lakini aloi iliyopashwa moto pasipo vipimo hupoteza ugumu wake pembezoni mwa kiungo, na mimi siwezi kumkabidhi mtu gurudumu la mbele la namna hiyo. Rimu ya chuma yenye spoki ni habari nyingine, kwa kuwa ikipinda kidogo inanyooka, spoki zilizolegea zinakazwa na zilizokatika zinabadilishwa. Kipimo chake ni rahisi. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, inua gurudumu la mbele, funga kipande cha waya kwenye mguu wa shokapu hadi ncha yake ikaribie rimu, kisha zungusha gurudumu polepole. Rimu ikicheza kwa zaidi ya milimita 2, kwa kando au kwa kupanda na kushuka, haifai kutembelewa mpaka irekebishwe. Spoki nazo zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia kwa sauti nyembamba, na iliyolegea au kukatika inatoa mlio mzito uliokufa, hata asiye fundi anaujua.

ZUHURA: Na tairi? Langu lilikuwa na upepo siku zote tatu.

SALUMU: Upepo ulikuwepo, lakini ubavuni kulikuwa na uvimbe mdogo, kama uvimbe wa mtu aliyeumwa na nyuki. Uvimbe huo una maana kwamba nyuzi za ndani zinazolishikilia tairi zimekatika, na upepo unasukuma mpira mtupu. Tairi hilo halizibwi, na kulihamishia nyuma, kama wengine wanavyofanya ili wasipate hasara, ni kumhamishia abiria hatari hiyo. Wapo pia ambao tyubu yao inaisha upepo usiku wa siku ile ile, na wakiifungua wanakuta matundu mawili yanayotazamana kama alama za meno, kwa sababu tyubu ilibanwa kati ya jiwe na kingo mbili za rimu. Ukikuta matundu hayo usiishie kuyaziba na kurudisha tairi, bali kagua kingo zote mbili za rimu mahali hapo.

ZUHURA: Baada ya gurudumu uliniambia nishike usukani mwenyewe na kuugeuza. Naomba uwaelekeze wasikilizaji, kwa sababu jaribio lile kila mtu anaweza kulifanya nyumbani.

SALUMU: Gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa, shika usukani kwa vidole viwili tu na uugeuze polepole kutoka kushoto hadi kulia. Unatakiwa kuteleza kama kijiko ndani ya mafuta. Ukifika katikati na kuhisi kwamba unajikita, kana kwamba umetumbukia katika kijishimo na unahitaji kuusukuma utoke, basi gololi za shingo ya usukani zimetoboa vijishimo katika mabakuli yake kwa ule mshindo. Pikipiki ya namna hiyo hupepesuka barabarani, na mwenyewe husingizia upepo au mzigo. Kisha shika miguu ya shokapu chini kabisa, ivute mbele na kuisukuma nyuma, usikilize kama kuna mchezo. Teremsha pikipiki, kamata breki ya mbele, ikandamize mara kadhaa, halafu pitisha kidole kwenye mirija ya shokapu. Kidole kikitoka na oili, sili zimepasuka au mirija imepinda. Oili hiyo isipuuzwe, kwa sababu inateremka hadi kwenye breki.

ZUHURA: Kuna lile la uzi pia.

SALUMU: Uzi unaonyesha kama magurudumu mawili bado yamo katika mstari mmoja. Chukua uzi mrefu, uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, uvute ncha zake mbili hadi mbele, moja kila upande, kwa kimo cha katikati ya magurudumu, na uhakikishe unagusa tairi la nyuma mahali pawili kila upande. Usukani ukiwa umenyooka, nafasi kati ya uzi na tairi la mbele inapaswa kuwa sawa kulia na kushoto. Ikiwa si sawa, anza kwa kutazama kama mnyororo ulivutwa vibaya upande mmoja, kwa maana hilo ni jambo dogo. Ikiwa mnyororo uko vizuri, basi fremu au shokapu zimepinda, na hapo usipakie mtu. Chini ya injini nako usipasahau, hasa boliti ya kumwagia oili. Pikipiki nyingi za biashara hubeba oili isiyozidi sana lita 1, kwa hiyo ufa mdogo unaodondosha usiku kucha unatosha kuiua injini asubuhi.

ZUHURA: Hapa nina jambo ambalo nimelifikiria sana, Fundi. Pikipiki ile ni yangu, na bado nilikaa siku tatu bila kuikagua. Je, kijana wa bodaboda ambaye pikipiki ni ya tajiri wake, na jioni anatakiwa kupeleka hesabu, yaani fedha za siku alizokubaliana na tajiri, atakuwa na ujasiri wa kusimama?

SALUMU: Wengi hawana, na siwalaumu peke yao. Kijana akigonga shimo saa nne asubuhi na bado hajapata hata nusu ya hesabu, ataendelea. Aliye kwenye mkataba anaogopa kunyang'anywa pikipiki aliyoilipia miezi mingi. Na deiwaka, aliyepewa pikipiki kwa siku moja tu, atairudisha kimya kimya jioni, na mwenzake ataipanda kesho bila kujua kilichotokea. Nimeona mkataba wa ukurasa mzima uliotaja hesabu ya kila siku na adhabu ya kuchelewa, wala haukuwa na mstari mmoja juu ya nani atalipia rimu ikipinda barabarani, na kama hesabu itasimama siku ambazo pikipiki iko gerejini. Matajiri wanaonisikiliza nawaomba sana waandike mstari huo. Kijana akijua kwamba siku ya gereji haina hesabu, atakuja kusema ukweli mapema, na rimu moja ni bei ndogo kuliko pikipiki nzima, sembuse uhai wa abiria.

ZUHURA: Mimi ninaongeza kwamba kijana naye awe na ushahidi. Apige picha ya jiwe au shimo kabla hajaondoka, picha moja ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mahali penyewe, na picha ya pikipiki ilivyo. Hata katika suala la bima picha hizo humsaidia mtu kujieleza, ingawa mimi nilikuwa na bima ndogo, ambayo hulipa madhara niliyowasababishia watu wengine na hailipi pikipiki yangu. Mwenye bima kubwa anaweza kudai, lakini atoe taarifa polisi na kwa kampuni yake haraka, na asianze matengenezo kabla ya mkaguzi kuiona pikipiki.

SALUMU: Asome na masharti yake pia, kwa kuwa mara nyingi tairi lililoharibika peke yake halilipwi, na kuna kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe.

ZUHURA: Na barabara yenyewe itolewe taarifa. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na zile za wilaya, mijini na vijijini, zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo ilianzishwa mwaka 2017. Kuishtaki serikali kwa ajili ya shimo kunahitaji notisi ya siku 90 na kwa kawaida wakili, na kwa rimu moja si wengi watakaofika huko, lakini taarifa yenye picha na jina la mahali haihitaji wakili. Madereva wa malori nao ninawasihi kwa dhati, mkimaliza kutengeneza gari, kabla ya kuwasha injini, mmoja wenu ashuke ayatoe mawe. Haichukui hata dakika moja.

SALUMU: Dada Zuhura, kabla hatujaagana, ile rimu mpya uliyochagua ni ya spoki, na spoki mpya hujilegeza kidogo zikianza kubeba uzito. Umekwisha kutembea kilomita ngapi?

ZUHURA: Nafikiri zimekaribia mia.

SALUMU: Basi zinahitaji kukazwa tena na rimu ipimwe upya kwa waya. Usimpakie mtu kabla ya hapo.

ZUHURA: Nitaileta Jumamosi asubuhi, inshallah, na nitaiendesha polepole.