Kabla kijana hajapanda kwenye paa la asbesto

Hamjambo wazee, hamjambo kina mama. Asanteni kwa kuja, najua leo soko la Tororo limejaa na wengine mmeacha saiti zenu bila mtu. Nimeombwa niongee na mabosi, yaani makontrakta, mahedimasta, watu wa makanisa, wenye nyumba za kukodisha, yeyote anayeweza kumwambia kijana panda juu utoe yale mabati ya asbesto. Vijana wenyewe nitaongea nao siku nyingine, maana wao wakiambiwa panda wanapanda tu, njaa iko nyumbani.

Nianze na yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nafanya kazi ya pota, yaani kibarua wa saiti, tukapewa paa la shule moja ya zamani, yale mabati ya kijivu mazito yenye mawimbi makubwa, mnayajua. Kontrakta alikuwa na haraka, shule ilikuwa karibu kufunguliwa, kwa hiyo tukapiga na nyundo, bati linapasuka vipande vitano vinaanguka chini na vumbi linapanda mpaka tulipo, ukitazama lile jiwe letu la Tororo pale ng'ambo unaliona kama liko kwenye ukungu, na ukungu wenyewe ni sisi tunautengeneza. Vumbi lilikaa kwenye nywele, kwenye kope, kama unga wa muhogo. Jioni nafika nyumbani mtoto anakuja mbio ananishika miguu, mke wangu anachukua shati analikung'uta pale mlangoni kabla hajaliloweka. Hakuna mtu alituambia kitu. Ile sauti ya shati linakung'utwa bado naisikia.

Sasa hii kitu inauaje. Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini, ila ni jiwe la nyuzi, ukilivunja au kulikata nyuzi zinagawanyika mpaka jicho haliwezi kuziona, zinaelea hewani masaa mengi, ukizivuta zinashuka chini kabisa kwenye mapafu na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Siku ile hukohoi, hupati homa, unakula posho yako unalala. Halafu miaka 20 inapita, 30, hata 40, ndo mapafu yanakuwa magumu, au inakuja kansa ya mapafu, au ile kansa ya utando wa mapafu wanayoita mesothelioma. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 200,000 wanakufa kila mwaka sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini. Uingereza waliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 na mpaka leo wanazika watu waliofanya kazi zamani. Na nimesikia watu wanasema eti asbesto ya bluu ndo mbaya, nyeupe haina neno. Hapana, zote zinaleta kansa.

Kwa hiyo bosi, kazi yako inaanza kwenye kwotesheni, ile karatasi ya makadirio ya bei, kabla ya ngazi. Mimi nikipewa kwotesheni ya kutoa paa nasoma natafuta maji, maski, ovaroli, polithini, lori la kufunikwa, mahali pa kutupa, na siku za kutosha. Kama hizo hazimo na bei ni ya chini kushinda wote, basi hiyo nafuu iko mtu atailipa, na hatakuwa wewe. Uganda iliridhia mkataba namba 162 wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, tangu 1990, na mkataba unasema kabla ya kubomoa lazima kuwe na mpango wa kazi ulioandikwa, vumbi litazuiwaje, watu watalindwaje, takataka zitaenda wapi, na wafanyakazi waulizwe kuhusu huo mpango. Sheria yetu ya usalama kazini ya 2006 nayo inakubana wewe mwenye kazi.

Pale juu sasa. Bati la asbesto likizeeka linakuwa kama biskuti, mtu akikanyaga katikati anapita nalo mpaka chini, kwa hiyo weka mbao za kutembelea, kuanguka hapo ni kifo cha siku hiyo hiyo hata kabla ya mapafu. Loweshea mabati maji yenye sabuni kidogo, lile bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa shambani linatosha, polepole, usilete ile mashine ya kuoshea magari maana inachimbua nyuzi zenyewe. Fungua misumari na bolti, teremsha bati zima, watu wawili wanapokezana, hakuna kurusha, hakuna grainda. Vipande vilivyovunjika viokotwe vikiwa vimelowa, viingie kwenye polithini nzito mara mbili, siyo kavera, ile mifuko myepesi ya plastiki, viandikwe kwamba ni asbesto. Ufagio mkavu usionekane pale. Kubeba na kutupa ni takataka za hatari, hapo nenda NEMA, mamlaka ya mazingira, wakuonyeshe nani ana leseni na wapi panakubalika. Usimpe jirani ajengee banda la nguruwe, usisage ukajaza barabara.

Maski ya hospitali haisaidii, kitambaa haisaidii. Inatakiwa ile maski ya kuchuja vumbi laini kabisa, ya daraja la P3, na ikae kwenye ngozi bila nafasi. Ndevu za siku mbili tu zinaacha njia.

Na nguo, hapa nawaomba sana. Mkataba ule unakataza kabisa mfanyakazi kwenda nyumbani na nguo za kazi. Ovaroli inavuliwa saiti, inabaki saiti, kufua au kutupa ni juu ya bosi, na pawe na maji ya kuoga kabla mtu hajavaa shati lake. Vipimo vya afya pia bosi ndo analipa, ndani ya saa za kazi.

Si kila paa litolewe kesho. Kama ni zima, halijapasuka, hakuna anayelitoboa, lipige rangi, liandike kwenye faili, mwambie kila fundi wa umeme anayekuja asilitoboe. Na kama hujui ni asbesto au siyo, kwa macho hutajua, lihesabu kuwa ndiyo mpaka maabara iseme.

Kwenye hii meza nimeleta maski tatu na ovaroli moja. Mzee uliyekaa karibu na dirisha, njoo uvae ya kwanza, nikuonyeshe unavyoziba kwa viganja na kuvuta pumzi kujua kama inavuja.