Marehemu Kihispania

Walimu wenzangu, wazazi, hamjambo? Leo nazungumzia watoto wa familia zinazosema Kihispania katika sekondari zetu hapa Marekani. Wanaonijua wanajua nitaanzia Marfa. Waliochoka na Marfa wavumilie.

Mwaka 1954, katika mji huo mdogo magharibi mwa Texas, Shule ya Blackwell, iliyotengewa watoto wenye asili ya Mexico, iliwafanyisha wanafunzi wake mazishi. Marehemu: Kihispania. Kila mtoto akaandika kwenye kikaratasi kwamba hatakisema tena shuleni. Vikaratasi vikatiwa sandukuni, sanduku likafukiwa karibu na mlingoti wa bendera. Jioni mtoto akarudi nyumbani, akamwamkia bibi yake kwa lugha ya marehemu!

Nyinyi mliosoma Kenya mkivalishwa kibao shingoni kwa kuponyokwa na neno la Kikamba, sina haja ya kuwaeleza. Mnajua kilichotukaa pale: kunyamaza.

Mtasema, "Mwalimu, hayo ni ya kale." Ya kale wapi? Mwaka 2007 baadhi ya wanafunzi wale walirudi, watu wazima, wakafanya sherehe ya kumfukua marehemu. Wajukuu wa kizazi kile wako sekondari zetu leo. Mmoja anakaa safu ya nyuma, kimya, nawe unamwandikia kwenye ripoti: "Hashiriki." Ashiriki vipi, mbele yenu nyinyi mlioizika lugha yake?

Sisi tunadhani dawa ni sherehe. Bango la "Bienvenidos", yaani "Karibuni", getini, na kila Septemba, ukianza mwezi wa kuenzi urithi wao, tunawapikia tako. Msicheke, ndilo jina la chakula chenyewe! Kesho yake mama anapiga simu ofisini, hakuna anayemwelewa. Binti anatolewa kwenye aljebra aje amtafsirie mama yake taarifa ya utoro. Utoro wa binti huyohuyo. Mnadhani anatafsiri yote? Mimi nisingetafsiri.

"Bajeti hakuna," nasikia mtu kule nyuma. Ya mabango mlipata.

Machi 1968, maelfu ya wanafunzi wa sekondari mashariki mwa Los Angeles, wengi wao wenye asili ya Mexico, walitoka madarasani kwa mgomo. Walitaka elimu ya lugha mbili, historia yao vitabuni, walimu wa asili yao, na adhabu za kusema Kihispania zikome. Mwalimu wao Sal Castro alisimama nao. Akakamatwa, akaondolewa darasani. Wanafunzi na wazazi wakaenda kukaa ndani ya ukumbi wa bodi ya elimu, wakagoma kutoka, mpaka akarudishwa. Niambieni ukweli: wewe ukifukuzwa kesho, nani atakuja kukukalia?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi juu ya vibali vya kuishi nchini, basi nitasema moja. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi iitwayo Plyler dhidi ya Doe, kwamba hairuhusiwi kumnyima mtoto asiye na vibali shule ya umma. Kwa hiyo, karani, usimuulize. Hata kwa utani usimuulize. Na yale ya kutamka majina yao vizuri, nifuateni kwenye chai, tuanze na Xóchitl.