Mwalimu Akishakuwa Rafiki: Maneno kwa Wanaokwenda Kusoma Polandi

Ndugu wanafunzi, na nyinyi wazazi mliowasindikiza, habari za mchana.

Niliombwa nizungumzie namna ya kujifunza Kipolandi haraka. Nikajibu kwamba dawa hiyo sina. Ninachoweza kusema ni juu ya jambo lingine, ambalo hakuna atakayewaambia kwenye semina ya viza: uko ugenini, humjui mtu, na mtu wa kwanza kukuzoea ni yule anayekufundisha lugha. Kwa wengi wenu ndivyo itakavyokuwa. Ikifika Desemba, saa kumi jioni giza limeshaingia, majirani wanapishana nanyi kwenye ngazi kwa salamu ya neno moja, na anayekuuliza umeshindaje kisha akangoja jibu ni mwalimu peke yake. Analipwa kuuliza, sawa. Lakini anauliza.

Mimi nilikaa Łódź, mji uliojengwa na viwanda vya nguo, wenye barabara moja ndefu iitwayo Piotrkowska ambayo kila mgeni huishia kuitembea. Sisi Waafrika si wageni sana pale. Chuo kikuu cha mji huo kinafundisha Kipolandi kwa watu wa nje tangu 1952, na vijana wengi wa bara letu waliopelekwa Polandi enzi za ujamaa walianzia hapo kabla ya kutawanywa kwenye vyuo vya udaktari na uhandisi. Mimi lakini nilisoma kwingine, darasa la jioni, nikilipa kwa saa.

Sasa, Wapolandi hawakimbilii urafiki, na hilo liko ndani ya sarufi yenyewe. Mtu mzima usiyemzoea humwiti "wewe". Mwanamke ni Pani, mwanamume ni Pan, na kitenzi unakiweka katika nafsi ya tatu, kana kwamba unamsema mtu aliye chumba cha pili: "Pani atakunywa chai?" Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatupati tabu hapo. Tabu inakuja baadaye. Kwetu mwalimu wa darasa la tatu utamwamkia shikamoo hata ukiwa waziri. Kule kuna siku inafika umbali huo unaondolewa, na mwenye kuuondoa ni mkubwa: aliyezidi umri, au cheo, au mwanamke mbele ya mwanamume. Mdogo akianza yeye, amekosa adabu. Kabla ya siku hiyo kuna hatua ya katikati, Pani pamoja na jina la kwanza. Anayeitwa Ewa unamwita Pani Ewo, maana jina nalo hubadilika mwisho unapoita. Mtakaa kwenye hatua hiyo miezi. Kaeni kwa raha zenu, msisukume.

Kwangu ilitokea kituo cha tramu, baada ya darasa. Mwalimu alivua glovu, akanyoosha mkono, akataja jina lake la kwanza kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana. Nikataja langu. Basi, imekwisha. Wapo wanaofanya kwa shamrashamra, wanapitisha mikono kiwiko kwa kiwiko na kunywa pamoja, desturi inayoitwa bruderszaft. Sisi tulikuwa na chai ya limau kwenye vikombe vya karatasi. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba ulimi wangu umegoma. Kumwita mwalimu "wewe"! Kwa wiki kadhaa nikawa natunga sentensi zisizo na mwenyewe: "Je, chai itahitajika?" "Dirisha lifungwe?" Alinivumilia, kisha siku moja akaniuliza kama nimeajiriwa hotelini.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwalimu akishakuwa rafiki, anaacha kukusahihisha.

Fikirieni. Nilipomweleza kwamba mama yangu anaumwa huku nyumbani na sijui kama nipande ndege, nilikoroga nomino zote. Kipolandi kina hali saba za nomino, yaani mwisho wa jina hubadilika kufuata kazi yake kwenye sentensi. Hata jina la mji halitulii, unaishi w Łodzi, unasafiri do Łodzi, na ukitaka kuutaja peke yake ni Łódź. Je, angenikatiza aniambie neno "hospitali" limeishia vibaya? Angekuwa mtu wa namna gani? Alinielewa, akanijibu, tukaendelea. Ikawa hivyo juma hadi juma. Kipolandi changu kikawa na kasi, nikakipenda, na kikawa kichafu. Yeye alishazoea kunielewa, kama mama anavyoelewa maneno ya mwanawe ambayo jirani hayapati. Mtu wa posta hakunielewa.

Tulichofanya hakikuwa cha kimapenzi hata kidogo: tulirudisha pesa mezani. Saa ya somo ikabaki saa ya somo, nalipa kama wengine, kalamu nyekundu inafanya kazi yake, na mbele ya wanafunzi wenzangu yeye ni Pani. Nje ya hapo haniongozi wala sidai aniongoze. Nasema hivi kwa sababu najua mtashawishika. Urafiki ukikolea utaona haya kutoa noti, naye ataona haya kupokea. Toeni. Mwalimu wa lugha anayelipwa kwa saa analipa kodi ya nyumba kwa saa hizo, na rafiki asiyelipwa kwa kazi yake huanza kuahirisha. Wenzangu wawili walipoteza mwalimu na rafiki kwa mpigo mmoja kwa sababu ya aibu hiyo.

Mtaniuliza, basi urafiki una faida gani kwa lugha, ikiwa sarufi haikai humo? Faida iko kwa watu wanaomzunguka rafiki huyo. Darasani kila sentensi imepikwa kwa ajili yako, imechambuliwa, imepozwa. Ukikaribishwa nyumbani kwa watu unakuta Kipolandi ambacho hakikuelekezwa kwako.

Nilialikwa Wigilia, mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba. Nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza, sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetazamiwa, hakuna nyama, samaki na supu ya viazisukari vyekundu. Lakini kabla ya kula kila mtu anashika kipande cha opłatek, mkate mweupe mwembamba sana, na kumwendea kila aliyepo, mmoja mmoja. Unamega cha kwake, anamega cha kwako, na unamtakia jambo huku anakutazama usoni. Kitenzi chenyewe, życzyć, kinadai nomino ibadilike: afya ni zdrowie, ukimtakia mtu inakuwa zdrowia. Hilo nilikuwa nalo. Nikawatakia zdrowia mjomba, shangazi, jirani. Nikafika kwa mama mzazi wa rafiki yangu. Akashikilia kipande chake, hakumega. "Afya tu?" Chumba kikanyamaza. Binti yake, mwalimu wangu, akageukia dirisha. Hakunisaidia hata herufi moja. Nikamtakia wnuków. Wajukuu, kwa mwisho sahihi kabisa wa wingi. Binti mwenyewe hakuwa na mtoto na alikuwa nyuma yangu hapo. Yule mama akamega kipande kikubwa, akaitikia kwa sauti iliyofika jikoni.

Mezani jirani mzee aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania, nikangoja swali la simba. Akasema, "Tengeru." Baadhi yenu mnatoka Arusha mnajua makaburi ya Wapolandi yaliyopo pale. Hao ni watu waliofukuzwa makwao na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati, wakaachiwa baada ya Hitler kuwavamia Wasovieti hao, wakapitia Iran, na kuanzia 1942 wakaletwa kwa meli Afrika Mashariki, wengi wao wanawake na watoto. Kambi ya Tengeru peke yake ilikuwa na watu karibu 5,000. Uganda walikuwa Masindi na Koja. Shangazi wa mzee yule alikulia Tengeru. Basi akaanza kusimulia, si kwangu, kwa wenzake, akikatizwa na kukatiza, wanagombania ni treni ipi na mwaka gani, mdomo umejaa chakula. Nilipata nusu. Hakuna aliyepunguza mwendo kwa ajili yangu, hata rafiki yangu.

Mwisho, mtihani. Mkitaka kubaki kule, kuna mtihani wa serikali, na kiwango kinachotakiwa kwa uraia ni B1, yaani ngazi ya kati ya kuijua lugha. Nilimwomba rafiki yangu anitayarishe. Akakataa papo hapo. Akasema nikifeli atanihurumia, na huruma haijazi fomu. Akanitafutia mwalimu mwingine, mama mmoja mkali ambaye hadi leo ananiita Pan. Nilifaulu kwa huyo.

Naona mikono imeshanyooshwa. Dada wa nyuma, anza wewe.