Moshi wa Julai, mbabula na chupa tupu

TRÉSOR: Karibuni tena. Tuko Katuba, Lubumbashi, na leo yaya, dada yangu mkubwa, amekuja na chupa tupu ya maji. Yaya Béa, chupa ya nini?

BÉA: Subiri, mdogo wangu, chupa itafika. Kwanza niambie, asubuhi ulipofungua mlango ulisikia harufu gani?

TRÉSOR: Ya nyasi zilizoungua. Lakini yaya, hiyo ni harufu ya Julai. Tumezaliwa nayo.

BÉA: Basi hapo ndipo shida ilipo. Juni 2023 moshi wa misitu ya Quebec, kule Kanada, ulifika New York, anga ikawa rangi ya chungwa, dunia nzima ikaona picha. Sisi huku, kuanzia Juni mpaka Septemba, satelaiti zinaona mioto imetapakaa kusini mwa Kongo, Angola na Zambia, kila mwaka bila kukosa. Nani amepiga picha ya anga ya Katuba?

TRÉSOR: Mimi nilipiga. Watu wakaniambia simu yangu ni mbaya. (Kicheko.)

BÉA: Unaona! Mimi sisemi zone ya afya iache kipindupindu, surua au malaria ishughulike na moshi. Lakini mvua ikikaribia tunakumbushana habari za maji machafu. Moshi nao unajulikana mwezi wake. Nani anapita hapa avenue mwezi wa tano kuuliza mtoto gani ana pumu, mzee gani alifanya kazi mgodini na kifua hakijapona?

TRÉSOR: Hakuna. Ila nimesoma kwenye intaneti jinsi ya kujikinga. Funga madirisha, washa mashine ya kusafisha hewa, kaa ndani.

BÉA: Mashine inakula umeme. Wewe jana umeme ulikuwa nao?

TRÉSOR: Yaya, usinichokoze.

BÉA: Na hilo la kufunga madirisha ndilo linaloniogopesha. Julai hapa usiku ni baridi kweli. Mama amemaliza kupika bukari nje, makala, haya makaa ya kupikia, bado mekundu, anaona hasara kuyamwaga. Anaingiza mbabula, lile jiko la makala, chumbani watoto wapate joto. Sasa mwambie pia afunge dirisha sababu ya moshi wa pori! Makala yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakuja mzito, na wengine hawaamki. Kwa hiyo neno la kwanza ni mbabula kubaki nje. Ukishahakikisha hilo ndipo uongee na mimi habari za dirisha.

TRÉSOR: Na nikishaliacha nje?

BÉA: Angalia saa. Usiku hewa baridi inalala chini, yenye joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa pori, wa takataka, wa makala, wote unabaki humo tunamovutia pumzi. Jua likipanda, kifuniko kinafunguka. Basi usiku funga upande unaotoka moshi, mchana fungua hewa ipite. Na nyinyi wanaume mnaokimbia Jumapili saa kumi na mbili asubuhi...

TRÉSOR: Nimejua tu nitaguswa.

BÉA: Mnakimbia saa mbaya kuliko zote, na mapafu wazi kama mlango wa baa!

TRÉSOR: Lakini mimi nafunga kitambaa chenye maji puani.

BÉA: Kitambaa kinazuia majivu unayoyaona. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni za mikromita 2.5 kushuka chini, unywele mmoja ni mnene mara ishirini na zaidi. Zinapita kwenye kitambaa kama panya kwenye wavu wa samaki. Barakoa ya N95 au FFP2 inazikamata, ikiwa imebana uso vizuri. Kama ulibakiza ya wakati wa Covid, mpe bibi, si wewe.

TRÉSOR: Sawa. Chupa sasa.

BÉA: (Sauti ya plastiki.) Hii ni ya nusu lita. Mtoto mwenye pumu anapewa dawa ya kupuliza, lakini mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa inaishia kwenye ulimi. Kuna chombo cha kuwekwa katikati, ila ni ghali. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walijaribu chupa ya namna hii. Unapasha waya moto, unatoboa kitako, tundu liwe sawasawa na mdomo wa dawa, unaziba pembeni pasivuje. Mtoto anaweka mdomo hapa kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anapumua taratibu. Waliona inasaidia sawa na chombo cha dukani. Sasa, usianze kutoboa peke yako. Muulize muuguzi akuonyeshe, na dawa iwe ya daktari.

TRÉSOR: Yaya, hii ningeijua zamani... Sawa. Ila moto wenyewe tuuache uwake tu?

BÉA: Ukiwaambia watu wasichome kabisa, watakuitikia ndiyo, kisha watachoma usiku. Mtu anasafisha shamba, mwingine anawinda panya. Swali ni lini. Kule Ndola, Zambia, jirani zetu tu, tangu miaka ya 1930 walitenga viwanja vya miombo, misitu kama hii yetu. Kingine walichoma mapema nyasi zikiwa bado na unyevu, kingine mwisho wa kiangazi, kingine hawakuchoma. Kilichochomwa mwishoni kikabaki nyasi tupu, miti ikafa.

TRÉSOR: Na vinkubala, viwavi vyetu vya kula, vikaenda na miti.

BÉA: Nilijua utafikiria tumbo! Ndiyo, na uyoga pia. Hilo ndilo la kumwambia shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, huko pembeni ya mji mwezi wa tano: wanaochoma wachome mapema, asubuhi bila upepo, wakishakwangua njia ya kuzuia moto. Ukianza na habari ya mapafu atapiga miayo. Anza na vinkubala.

TRÉSOR: Haya. Jumapili nitakimbia saa nne.

BÉA: Saa nne jua litakuchoma.

TRÉSOR: Basi nitalala.