Namba moja inavyoivuruga renji: tujaribu kwa kina cha maziwa yetu

Habari zenu, karibuni tena. Leo fungua Excel au Google Sheets. Huna kompyuta? Daftari na kalamu vinatosha kabisa.

Safu ya A andika majina ya maziwa, safu ya B andika kina chake kwa mita, pale penye kina kirefu kuliko kote. Anza mstari wa pili, wa kwanza tuuachie vichwa. Albert 58. Victoria 80. Turkana 109. Edward 117. Ni vipimo vya kukadiria, kwa hiyo tusigombane kwa mita mbili tatu.

Sasa tutafute renji, yaani namba kubwa kuliko zote toa ndogo kuliko zote. Bofya kisanduku cha D2, andika =MAX(B2:B20)-MIN(B2:B20), bonyeza Enter. Nimefika mpaka B20 makusudi, maana tutaongeza maziwa mengine, na visanduku vitupu havihesabiwi. Umepata 59? Vizuri. Maziwa manne, na yote yamebanana ndani ya mita 59.

Nenda B6, ongeza Tanganyika: 1470. Kabla hujabonyeza Enter, weka jicho kwenye D2. Haya, bonyeza.

1,412! Ilikuwa 59 sasa hivi. Na yale manne ya mwanzo hayajasogea hata mita moja. Mtu akiletewa hiyo 1,412 peke yake, atadhani maziwa haya yametawanyika huku na huko, kumbe manne yamekaa pamoja na moja ndilo lililojitenga.

Usifunge, bado. Ongeza Kivu 480 na Nyasa 706. Tazama tena D2.

Imebaki 1,412 ile ile. Binafsi hapa ndipo nilipoielewa renji. Ni kama kupima kamba ya kuanikia nguo: unapima toka nguzo hadi nguzo, hujui kamba ina shati moja au nguo za ukoo mzima. Kwa Kivu utakuta wengine wanaandika 475, wengine 485. Andika unayotaka, liko katikati, renji haina habari nalo.

Hatua inayofuata ni ya kuharibu kwa makusudi. Rudi kwenye Tanganyika, ongeza sifuri moja, iwe 14700. Mimi kosa hili nimeshalifanya usiku, macho yamechoka. Renji inaruka hadi 14,642. Lakini mita 14,700 hata baharini hakuna. Lile shimo la Mariana kule Pasifiki, refu kuliko yote, ni kama kilomita 11 tu. Hiyo imejitenga kwa sababu ya kidole, kwa hiyo unairekebisha. Ile 1,470 ni jambo jingine. Tanganyika limekaa kwenye Bonde la Ufa la Magharibi, ardhi ilipopasuka na kudidimia, na duniani linazidiwa kina na Baikal la Urusi tu. Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, ni kama sinia, pana lakini halina kina. Namba ya kweli hufuti ati kwa sababu inakuharibia hesabu.

Ukitaka kipimo kisichotikiswa na namba ya pembeni, acha kwanza ile 14700 hapo hapo, halafu zipange kuanzia ndogo: 58, 80, 109, 117, 480, 706, 14700. Ya katikati ni 117. Chini yake zimebaki tatu, katikati yao ni 80. Juu yake tatu, katikati yao ni 706. 706 toa 80 ni 626. Sasa rudisha 1470 yetu, upige upya. 626 tena! Hiyo ndiyo tofauti ya robo, inapima nusu ya katikati na kuziacha ncha zivutane zenyewe. Ukitumia QUARTILE, fomula ya Excel na Sheets ya kutafuta robo, ikakupa 94.5 na 593, tofauti 498.5, usishtuke, kuna njia zaidi ya moja ya kukata robo, muhimu ubaki na moja.

Renji yenyewe usiitupe, ila ukiiandika kwenye ripoti iandike na ncha zake: "renji mita 1,412, kutoka Albert 58 hadi Tanganyika 1,470." Msomaji ataona mwenyewe nani anaivuta.

Kabla hujafunga, jaribu na upande wa pili: mfute Albert, umwache Tanganyika. Renji itashuka kwa mita ngapi? Jibu liandike hapo chini, nitapita kusoma.