Leffe: Jina la Abasia, Bia ya Kiwandani

Ndugu zangu, habari za jioni. Najua wengine humu hamgusi pombe na bado mmekuja, nawashukuru. Sikuja kuisifu bia wala kuilaani. Nataka tufuate jina moja tu, Leffe, ambalo ni jina la abasia, yaani monasteri, na pia la bia, tuone lilivyotoka kwa watawa likafika katika hesabu za kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani.

Leffe ni kitongoji cha mji wa Dinant, kusini mwa Ubelgiji, kando ya mto Meuse. Wapenzi wa muziki watanielewa nikisema ndiko alikozaliwa Adolphe Sax, yule wa saksafoni. Mwaka 1152 watawa wa shirika la Mtakatifu Norbert, wenye kanzu nyeupe, walianzisha abasia pale. Sisi Watanzania wenye abasia za Peramiho na Ndanda hatuhitaji maelezo marefu: penye abasia pana kanisa, na pana shamba, karakana na wageni wa kulishwa. Ulaya ya wakati ule ilikuwa na la ziada, chumba cha kupikia bia. Shayiri ipo, kuni zipo, na kinywaji kilichochemshwa kina usalama kuliko maji ya mto. Kwa historia ya abasia yenyewe, bia ilianza mwaka 1240.

Karne zinazofuata niruhusuni nizikimbize. Mafuriko, moto, majeshi ya Burgundy yaliyouteketeza Dinant mwaka 1466. Kisha Mapinduzi ya Ufaransa yakavuka mpaka, watawa wakatimuliwa, mali ikauzwa. Kiwanda kikasuasua hadi 1809, kikafa.

Huo mwaka 1809 ushikeni.

Watawa walirudi mwaka 1902, wakitokea Ufaransa ambako serikali iliyabana mashirika ya kitawa. Walirudi kusali, bia hawakupika. Agosti 23, 1914 askari wa Kijerumani waliua raia mjini Dinant, na kumbukumbu za mji zinataja watu 674. Wanaume wa Leffe walikusanywa ndani ya abasia, wakatolewa nje, wakapigwa risasi. Nalitaja hili kwa sababu matangazo ya bia hupenda kutuonyesha kuta za mawe na utulivu, kana kwamba kuta hizo hazikuona kitu.

Sasa twende 1952. Abate Cyrille Nys, mkuu wa abasia, ana majengo yanayodai fedha. Albert Lootvoet ana kiwanda cha bia Overijse, karibu na Brussels. Wakapatana: Lootvoet atapika na kuuza, bia itabeba jina la abasia, na abasia italipwa mrabaha. Makubaliano hayo hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake Ubelgiji, na wengine wengi wakayaiga. Bia yenyewe ilianza na ile ya kahawia, yenye kimea kilichokaangwa. Ile ya rangi ya dhahabu mnayoiona zaidi leo ina kilevi asilimia 6.6, na ukiinusa kabla ya kunywa utapata harufu ya karafuu. Hakuna karafuu mle. Ni kazi ya hamira.

Chukueni chupa sasa. Lebo ina mnara wa kanisa, na mwaka 1240. Toeni 1809 kwenye 1952: miaka 143 bila tone la bia ya Leffe. Je, mteja anadanganywa? Mimi nasema abasia ipo kweli, ruhusa ilitolewa kweli, na mrabaha unalipwa. Lakini lebo inanufaika sana na yale isiyoyasema, na hilo wauzaji wanalijua.

Wabelgiji wenyewe waliona tatizo. Mwaka 1962 mahakama ya biashara ya Ghent, katika kesi iliyofunguliwa na watawa wa Orval, iliwazuia wafanyabiashara wa kawaida kutumia jina la Watrapisti, shirika la kitawa la hao wa Orval. Leo bia yenye nembo rasmi ya Kitrapisti lazima ipikwe ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa watawa. Bia ya abasia haibanwi hivyo. Tangu 1999 ina nembo yake, inayotaka pawe na uhusiano na abasia iliyopo au iliyowahi kuwepo, pamoja na mrabaha. Mahali pa kupikia si hoja.

Ndiyo maana jina liliweza kusafiri. Mwaka 1977 Artois, kampuni yenye bia ya Stella, walikinunua kiwanda cha Lootvoet. Mwaka 1987 Artois na kampuni nyingine ya bia, Piedboeuf, wakaungana kuwa Interbrew. 2004 ikawa InBev. 2008 ikawa AB InBev, ile kampuni kubwa niliyoitaja mwanzo. Leffe sasa inapikwa Leuven, zaidi ya kilomita 60 kutoka Dinant. Na mwaka 2016 AB InBev iliinunua SABMiller, kampuni nyingine kubwa ya bia, iliyokuwa na hisa nyingi za TBL, kampuni ya bia ya hapa kwetu Tanzania. Kwa hiyo bia za Safari na Kilimanjaro zilizo kwenye friji za baa za mtaani kwetu ziko chini ya mwavuli mmoja na jina la wale watawa wa Meuse, ambao bado wanapokea mrabaha wao.

Naona mikono imeshainuka kule nyuma. Tuanze na maswali.